Pua za Ukoo Wetu na Jino Lako

Nyumba ileile, nyuma ya duka la viatu
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Bomba,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye magoti yanalia kama bawaba kavu ila mdomo bado mzima. U hali gani huko ughaibuni? Shemeji hajambo? Watoto je? Mimi nakula, nalala, nabishana na jirani. Afya ninayo.

Sasa habari za mwanao mshonaji, huyu binti yangu. Unakumbuka alivyokuwa akihema kwa kupanda ngazi tu, midomo imempauka, cherehani kaifunika shuka? Fundi mwenzake alisema ni vumbi la vitambaa. Mimi nikasema ni mapenzi. Wote tumeumbuka.

Kumbe ndani ya pafu lake mishipa miwili imeungana pasipotakiwa, damu inapita njia ya mkato bila kuchukua hewa. Na ugonjwa huo ni dada yake na hizi pua zetu zinazovuja damu. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi. Tangu lini ukoo wetu ukawa na kitu adimu?

Waliotegua kitendawili hicho ni madaktari wanne waliokaa meza moja nasi, picha ya mapafu ikiwaka ukutani. Nilidhani mabingwa ni kama majogoo, hawakai banda moja. Wa pua alitaka kuanza yeye, achome vimishipa vya puani. Wa mapafu akamwambia, "Subiri kidogo, mwenzangu. Hapa pasipozibwa kwanza, donge la damu linaweza kupita moja kwa moja hadi kwenye ubongo." Wa pua akaitazama tena picha, akasema, "Basi tangulieni, mimi nitashika mkia." Yakaisha. Sisi wawili tuligombea redio mpaka ikafa.

Wa mishipa akapitisha mrija mwembamba pajani, akaufikisha hadi pafuni, akapaziba kwa visongo vidogo vya waya. Binti yuko macho muda wote, anamwambia, "Daktari, mkono wako mwepesi, lakini pindo la koti lako limefumuka." Juzi kalishona. Ngazi anapanda huku anaimba, na sauti yake unaijua, kwa hiyo tuombee masikio.

Lakini la kwako ni hili. Wa nne ni mama mmoja wa vinasaba, yaani mambo ya mwilini tunayorithi kwa wazazi. Aliniuliza, "Baba, nani mwingine kwenu hutokwa damu puani?" Nikamjibu, "Niulize nani hatokwi." Nikamweleza babu, aliyesema ni hasira za wanaume wa ukoo na kujifuta kwa fahari, na shangazi na kitambaa chake cha mkononi. Nikamalizia na wewe ulivyolichafua gauni la bibi harusi siku ya harusi yako. Wote wakacheka, isipokuwa yeye.

"Huyo mdogo wako ana vidoa vyekundu midomoni?"

"Anavyo. Tulimtania kwamba amelamba wino."

"Amepimwa mapafu?"

Nikaomba karatasi na kalamu badala ya kuongea. Shemeji yako, mke wangu, hataki kuamini.

Mimi nimepimwa. Ugonjwa ninao, mapafu safi, nadhani kwa sababu nayafanyisha kazi kwa kuongea. Umebaki wewe. Na kwenye simu ulisema mwezi huu unang'oa jino. Usithubutu, Bomba. Mama yule kasema kama pafu lako lina njia ile, vijidudu vya kinywani vinaweza kuipita hadi kichwani. Nenda kwanza ukapigwe picha, uwaambie habari za ukoo wetu bila haya. Daktari wako akitaka, ampigie yeye. Wenzake watakaa mezani kwa ajili yako pia.

Nisalimie shemeji, mwambie akuburute. Wape watoto shavu, nao wapimwe. Mwanao anasema, "Baba mdogo asipoenda, nguo zake nitazishona bila mifuko." Mungu akulinde, akulegeze na shingo hiyo ngumu. Jino lako baya litunze kidogo, uje ulitoe hapa mbele yangu, nikucheke kwa nafasi.

Wako akupendaye, na hana mwingine wa kumwita Bomba,

Kaka yako