Bango la Jiji Limenifukuzia Mpiga Pasi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijammwagia mtu maji ya sabuni, na mtu mwenyewe ni mume wangu.

Nina biashara ya dobi. Tunafua, tunapiga pasi, tunawapelekea watu nguo zao majumbani, na wanawake ninaofanya nao kazi wote waliwahi kufungwa, nami sikuwachukua kwa kutafuta sifa, niliwachukua kwa sababu wa kwanza wao tulikua naye mtaa mmoja na alipotoka gerezani hakuna aliyethubutu kumpa hata ufagio, nikamwambia njoo tufue, akaja, akaleta mwenzake, na mwenzake akaleta mwenzake, ikawa hivyo. Mume wangu naye ni afisa wa jiji, katika ile ofisi ya kusaidia biashara zinazoinua jamii, na watu husema nimebahatika, msaada nalala nao kitanda kimoja, laiti wangejua!

Maana msaada wenyewe ni wageni. Wanakuja wageni wa jiji jingine, wanakuja wanachuo, wanakuja watu wa redio, na kila wakija sharti mashine zizimwe ili wasikilizane, wanawake wapangwe mstari, mmoja aulizwe mbele ya watu wote "wewe ulifungwa kwa kosa gani?", kisha tupigwe picha, tugawiwe fulana zenye nembo ya jiji, waondoke, na nguo za wateja zimelala majini zinanuka. Mimi nilishaomba mambo mawili tu, mshauri, mawili: tuunganishwe na bomba kubwa la barabarani, kwa sababu maji yakipungua tunabeba ndoo kichwani, na turuhusiwe kuomba kazi ya kufua shuka za zahanati za jiji, ambayo miaka yote inakwenda kwa kampuni moja kubwa kwa kuwa masharti yanataka mwombaji awe na magari matano. Mume wangu akaniambia, "Maji ni idara nyingine. Zahanati nazo ni idara nyingine." Nikamuuliza, "Na nyinyi ni idara ya nini?" Akajibu, "Sisi tunajenga uwezo." Basi nikaenda semina ya kujengewa uwezo. Tulifundishwa kumtabasamia mteja.

Sasa sikia kilichonitoa machozi. Pale njia panda ya sokoni, wametundika bango kubwa kuliko nyumba yangu, na juu yake ni uso wa mpiga pasi wangu, tunamwita Mama Pacha, na maandishi: JANA MFUNGWA, LEO MJASIRIAMALI. JIJI LINAJALI. Mama Pacha hakuwa amemwambia mwenye nyumba wake kwamba aliwahi kufungwa, na wanawe walijua miaka ile mama alikuwa kazini mbali, kumbe sasa mji mzima unasoma. Haikupita wiki, mwenye nyumba akamwambia atafute pa kwenda, na mmoja wa wale pacha akagoma kwenda shule. Akaja kazini asubuhi, akavua aproni, akaikunja vizuri juu ya meza ya pasi, akaniambia, "Dada, kule ndani angalau tulijua ni nani anatutazama." Akaondoka. Hajarudi tena.

Nikamwambia mume wangu lile bango lishuke. Akasema limeshalipiwa mpaka mwisho wa mwaka, halafu mkurugenzi wao analipenda. Siku chache baadaye akatuletea mkurugenzi mwenyewe na basi zima la wageni, bila hata kuniuliza, nami nikatia kufuli getini, nikarudi ndani tukaendelea kufua. Akagonga, akagonga. "Mama watoto, fungua tafadhali, mkurugenzi yuko juani!" Nikamjibu kwa sauti ya kusikika basi zima, "Kufungua geti ni idara nyingine!"

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, lakini nyumbani hakuna anayecheka, mume analala sebuleni na hasemi nami ila kupitia watoto, "mwambieni mama yenu chumvi imezidi," mama mkwe anasema nimemvua nguo mwanawe hadharani, wifi anasema mke mwenye akili hamfungii mumewe geti, na jana ofisi imeleta ujumbe kwamba nikiomba radhi nitapewa tuzo ya mjasiriamali bora. Tuzo, mshauri! Niichukue ili nyumba itulie na pengine maji yaje, au nishikilie kufuli langu nimpoteze mume? Nimechoka, hata kukasirika kumenichosha.

Mwenye Dobi

*

Mwenye Dobi,

Pole. Pale getini nimecheka, sikufichi. Halafu nimekuna kichwa, maana mmenichosha nyote: wewe, mumeo na ofisi yake.

Tuanze na ofisi. Msaada unaozima mashine za mtu aliye kazini si msaada, hiyo ni ziara. Jiji lina shuka chafu, wewe una sabuni, na kinachowatenganisha ni sharti la magari ambalo jiji lenyewe limeliandika! Badala ya kulifuta wanakuvisha fulana. Walifute. Kazi waigawe zahanati mojamoja ili na mdogo aweze kuomba, walipe kwa wakati, waunganishe bomba, kisha wakuache ufanye kazi. Kama kuna mwenye ofisi anayesoma hapa, asijifanye gazeti lilichanika.

Mumeo si mtu mbaya. Ni mtu aliyebanwa mlangoni: huku bosi, huku mke, naye anadhani akinyamaza mlango utajifungua. Lakini niambie, nani aliwaruhusu mchezo huu? Afisa anashughulikia biashara ya mkewe! Siku utakapoipata kazi ya zahanati, ile kampuni kubwa itasema umepewa kitandani, na utajibu nini? Mumeo amwandikie mkurugenzi, aseme wazi, "Dobi hii ni ya mke wangu, ishughulikiwe na mtu mwingine." Hapo utagombana na ofisi mchana na kula na mume jioni, bila kuchanganya sahani.

Sasa zamu yako, na usininunie. Unalilaumu jiji kwa picha, je, mpiga picha alipita ukutani? Ulimfungulia wewe. Uliwahi kuwauliza wale wanawake mmojammoja, kando, kama wanataka kupigwa picha? Barua yako ndefu yote hiyo haisemi. Mwenye kazi akiuliza "jamani, mnakubali?" mbele ya wageni, ni nani atakayesema hapana?

Tuzo usiiguse. Mumeo mwombe radhi kwa kumfanyia mzaha mbele ya wakubwa wake, mkiwa wawili, maneno machache. Kwa kufunga geti usiombe radhi, lilistahili kufungwa. Mama mkwe mwitikie "nimesikia, mama," uendelee na shughuli zako. Ofisi iandikie kwamba bango lisiposhuka hakuna mgeni, hakuna picha, hakuna hotuba, na nakala mpelekee diwani wenu. Wakileta ukaidi, tafuteni wanasheria wanaosaidia watu bila malipo. Uso wa mtu si mali ya jiji.

Ila hayo yote ni ya kesho. Leo nenda kwa Mama Pacha. Usimtume mtu, usimpigie simu, usimbebee zawadi ya kumziba mdomo. Akitaka mwende pamoja kwa mwenye nyumba, nenda naye. Akitaka kuhama, zunguka naye kutafuta chumba. Asipotaka kukuona, rudi nyumbani, na wiki ijayo uende tena. Akikufungulia, mwambie "nisamehe," halafu funga mdomo wako, mama, umwache yeye aseme.