Sensa ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Machi

Plagi zote nne nyeusi tena. Nimezisugua kwa msasa, nimezirudisha, injini imewaka, moshi mweusi umerudi vilevile. Siku ya nne hapa Lamadi.

Nilikuja kumchukua Kabula na mtoto, basi. Alikuja kujifungulia kwao. Minza ana miezi mitatu sasa, na kule kwetu Sapiwi mama yangu yuko peke yake na shamba la pamba. Nilidhani nitalala siku moja. Baba mkwe alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, akanipeleka ufukweni kuona boti yake. "Fundi, umekuja wakati mzuri. Itengeneze hii, halafu chukua mkeo." Akacheka. Na mimi nikacheka. Sasa sicheki.

Jumanne, 7 Machi

Injini ni ya petroli, ya mtumba, imetoka ng'ambo, ina kompyuta. Tangu biashara iwe huria hakuna kisichoingia nchi hii. Kabureta haina. Nozeli zinapuliza petroli, kompyuta inapima kiasi. Na kompyuta inaambiwa na sensa ya oksijeni, kidude kama plagi kilichofungwa kwenye ekzosi. Kinanusa moshi na kusema hewa imebaki kiasi gani.

Leo nimeipima kwa mita ya umeme. Mshale ulitakiwa kucheza. Umelala chini kabisa. Sensa imekufa, kompyuta inadhani petroli ni kidogo, inamwaga tu.

Haya nilijifunza kwenye magari ya Kijapani pale Bariadi mjini, baada ya kiwanda chetu cha kuchambua pamba kufungwa na mafundi kutawanyika. Heri siku ya posa ningenyamaza kuhusu ujuzi huu. Nilijisifu mpaka mshenga akanikanyaga mguu.

Alhamisi, 9 Machi

Deusi, nahodha wa boti, amerudi kutoka Mwanza na sensa iliyotolewa kwenye gari bovu. Waya nne, nyuzi za skrubu zinaingia sawasawa. Nimeifunga. Mshale unacheza! Moshi hauonekani. Boti imekwenda visiwani kuchukua sangara na kurudi barafu ikiwa bado nzima. Baba mkwe amewakusanya watu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na kuwaambia injini yake ina pua.

Nimefurahi sana. Kabula ameanza kufunga mizigo.

Jumapili, 12 Machi

Moshi mweusi.

Sensa mpya imekufa. Siku tatu tu! Nimeifungua, ncha nyeupe kama imepakwa unga. Baada ya ibada nimerudi kulikagua bomba la ekzosi lote, polepole. Kila kiungo kimepakwa silikoni, ile gundi ya kuzibia vioo vya madirisha. Ikipata moto inatoa mvuke, na mvuke huo ndio unaoua sensa. Nimemwuliza Deusi nani aliipaka. Akatazama ziwa kwanza.

"Mzee mwenyewe. Kwa kidole chake. Na juzi kaongeza nyingine, ili sensa yako isivujishe moshi."

Nimekaa chini mchangani. Nina hasira, na sina wa kummalizia.

Jumatatu, 13 Machi

Hapa ndipo nilipokwama. Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba amekosea. Nikiongea naye natazama miguu yake. Mama mkwe tukikaribia kukutana, mmoja wetu anaacha njia. Sasa nitamwambiaje mzee kwamba kidole chake ndicho kilichoua?

Nimezunguka kwa maneno. Nimemwambia injini inaweza kwenda hata bila sensa. Ukichomoa waya, kompyuta inafuata vipimo vyake yenyewe. Itakunywa petroli zaidi kidogo, lakini itakwenda, na moshi huu utaisha. Amenisikiliza hadi mwisho.

"Mkwe wangu, bila sensa si itakuwa injini kama za wenzangu?"

Akaenda kula. Mizigo ya Kabula imefunguliwa, nepi zimeanikwa tena uani.

Alhamisi, 16 Machi

Nimechomoa waya. Ncha yake nimeificha nyuma ya betri. Sensa nimeiacha mahali pake, nimeifuta mpaka inang'aa. Injini inanguruma safi. Baba mkwe anamtangazia kila mtu kwamba nimeiponya. Najisikia mwizi.

Lakini Jumamosi tunaondoka.

Ijumaa, 17 Machi

Hatuondoki. Baba mkwe anasema mashine yenye pua haiachwi bila mtu wake. Matofali yameletwa. Ni ya chumba chetu, kando ya zizi. Mwanaume mzima kuishi ukweni! Sapiwi watanicheka mpaka wachoke.

Nilisema, "Asante, baba." Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Najichukia.

Jumapili, 19 Machi

Nimemweleza Kabula yote. Silikoni, waya, uongo wangu. Alicheka kidogo, halafu akaacha. Yeye ni binti, anaweza kukaa na baba yake wakaongea. Akaenda. Amerudi upesi mno.

Waya baba yake aliuona Alhamisi ileile.

"Anasema ukiondoka na boti ikaendelea kwenda, watu watauliza ni sensa gani hiyo isiyotaka fundi. Anasema umvumilie."

Kumbe anajua. Na sasa anajua kwamba najua. Kesho asubuhi atanisalimu "Mwangaluka," nami nitaitikia nikitazama miguu yake, na hakuna atakayegusa habari hii. Bora angenitukana.

Jumanne, 21 Machi

Barua ya mama imeletwa na mfanyabiashara wa ng'ombe. Wadudu wameingia kwenye pamba, hakuna wa kupiga dawa. Kabula ameisoma mara mbili. Amekunja kanga, amekwenda tena kwa baba yake. Safari hii hakuniombea mimi. Amejiombea mwenyewe.

Mke kwenda nyumbani kwa mumewe kumsaidia mama mkwe, nani atakataa? Baba mkwe amemsifu sana, amesema hayo ndiyo malezi. Mimi sikuulizwa kitu.

Jumatano, 22 Machi

Wamepanda gari la asubuhi la Bariadi. Minza alikuwa amelala. Kabula aliniambia nisiache shuka zikae wiki bila kufuliwa. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Nilikuja Lamadi ili mke wangu arudi nyumbani. Amerudi.

Mchana mwashi ameniuliza chumba kiwe na ukubwa gani. Nimemwambia kitanda kimoja kiingie. Mama mkwe amenitumia ugali na samaki kwa mkono wa jirani, sahani imeachwa mlangoni. Nimekula, nimeiosha, nimeirudisha palepale.