Chombo Nilichokiosha kwa Sabuni

Jumba la Sanaa,
Garissa.

Kwa dada yangu Zuhura, huko Malindi,

Assalaam aleikum warahmatullah. Ikiwa barua hii imekukuta na afya, wewe na shemeji na watoto, basi alhamdulillahi, nusu ya mzigo wangu umetua. Mgongo wa shemeji umepona? Na yule mdogo ameota meno? Mimi ukiniuliza, ni mzima: nala, nalala, naamka. Ila nimechoka, dada, uchovu ambao hauishi kwa usingizi, na ndiyo sababu nimekaa miezi miwili bila kukuandikia. Usininunie. Kila nikishika kalamu nilikuwa najiona sina uso wa kukusalimia.

Nilikueleza jinsi maji yalivyotuingilia wakati wa zile mvua kubwa, Tana ikapanda, ukuta wa nyuma wa jumba ukalala chini. Tangu hapo tumekuwa kwenye ujenzi. Saruji kwenye chai, saruji kwenye nywele. Siku saruji ilipokwisha likaanza vumbi la Garissa lenyewe, nalo halina fundi wala mkataba. Sasa tuna paa jipya, rangi nyeupe na makabati ya kioo, na mbuzi wa mjini wamepaona pazuri. Kila lango likiachwa wazi wanaingia kutafuna matangazo.

Mkurugenzi wetu, bwana mmoja wa Nairobi, si mtu mbaya, ila ana haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Amepanga msimu mzima. Kwanza maonyesho ya picha zilizochorwa na wanafunzi wa kambi ya wakimbizi, kisha vyombo vya nyumba za wafugaji, kisha mapambo ya fedha. Alhamisi kina mama waje kuwafundisha wasichana wa shule ususi na utunzaji wa vyombo, Jumamosi wazee waghani mashairi uani. Mipango mizuri, sikatai. Lakini watekelezaji ni mimi na Halima, pamoja na mlinzi mmoja asiyetaka kubeba hata kiti. Halima ni msichana wa hapahapa Garissa, na ndiye ulimi wangu, kwa maana Kisomali changu kinakwisha kwenye salamu na bei ya maziwa.

Vyombo hivyo tumevizungukia sisi wawili, kwa malori yanayokwenda kwa msafara na askari mbele kwa hofu ya majambazi. Habaswein tulipata mikeka, tukala vumbi siku mbili, tukarudi na mafua. Hagadera, kambi ya wakimbizi, ndiko tulikompata Ayeyo Dahabo. Ayeyo ni bibi kwa lugha yao, na majirani zake wote humwita hivyo. Ni mrefu, mwembamba, macho yameanza kuingia ukungu, na anaishi peke yake kwenye kibanda cha miti na turubai.

Alikuwa na dhiil moja, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi kikabana hata tone halipiti, kina kifuniko chake na mikanda ya ngozi yenye simbi. Sijaona kazi ya mkono iliyotulia vile. Alikuwa amekifunga kwa shuka tatu, akakitundika juu, mahali pekee pasipovuja. Mwanzo alikataa katakata. Halima akambembeleza, kisha akanigeukia kunieleza: "Nimeambia yeye, kule iko nyumba ya mawe, iko kioo, mvua hafiki kabisa." Bibi akanitazama mimi, si Halima, akauliza kama ni mimi nitakayekitunza. Nikaweka mkono kifuani, nikamwambia kitakaa vile vile kilivyo mpaka atakapokitaka. Kwa mdomo wangu huu, Zuhura. Ndipo akatia kidole gumba kwenye karatasi ya kutuazima.

Tuliporudi, mkurugenzi akapita akisema wageni wanakuja, kila kitu kiwe safi. Nikafungua dhiil ile. Ndani ilikuwa nyeusi tii, inanuka moshi hata machozi yakanitoka, nikasema masikini bibi wa watu, hana hata maji ya kuoshea vyombo. Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ya kuoshea chupa mpaka yale meusi yakatoka yote, nikaisuza mara tatu na kuianika juani. Na nilifurahi, usidhani nilifanya kwa kulipua. Niliimba.

Halima alipokuja alikiinua, akanusa, akakaa chini.

"Dada Rukia, nani ameosha hii?"

"Mimi. Kilikuwa na masizi."

"Hii haoshwi na sabuni. Iko na moshi yake. Sisi tunachoma mti, tunatia moshi ndani, maziwa inakaa siku nyingi, inanukia."

"Basi si tutakifukiza tena?"

Alikwenda kusimama mlangoni.

Hapo ndipo niliposikia aibu mpaka kwenye kucha. Mimi, Zuhura! Mimi na wewe tuliolelewa na chetezo ndani ya nyumba, nguo hazivaliwi mpaka zifukizwe udi, mtungi wa maji haujazwi mpaka utiwe moshi wa ubani. Angekuwa mzungu aliyefanya hivi ningemcheka. Majuto ni mjukuu, tunasema, na sijapata kulielewa neno hilo kama siku ile.

Mkurugenzi nilimwambia. Akasema nisijisumbue, hakuna atakayenusa kupitia kioo, na tena kimependeza. Nilitamani kumsikiliza. Siku nne nilimsikiliza. Wageni walikuja, wakakisifu kuliko vyote, wakapiga picha, nami nikasimama kando na sahani ya sambusa nikijihisi mwizi. Siku ya tano nikakitoa kabatini, nikakifunga kwa shuka zake tatu, nikapanda lori na Halima kwenda Hagadera.

Ayeyo Dahabo alitupokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaagiza chai kwa jirani. Nikamwambia kila kitu bila kupunguza, Halima akitafsiri huku anatazama chini. Bibi akafungua kifuniko, akaingiza uso, akanusa. Kisha akakifunika polepole. Alisema maneno machache tu, na Halima akanitolea kwa Kiswahili.

"Anasema, tangu avuke mpaka hajatia maziwa hapa, hajatia moshi. Hii moshi aliweka binti yake, hiyo asubuhi walitoka kwao. Binti alikufa njiani. Hakuna kaburi anajua. Hakuna picha. Alikuwa anafungua kidogo, ananusa, anafunga."

Nilijitupa chini nikamshika miguu, dada, mimi ambaye hata wewe hujapata kuniona nikilia mbele ya watu. Hakunisukuma. Hakunitukana pia, na heri angenitukana. Alisema neno moja, na hilo nililielewa kabla Halima hajafungua mdomo, maana alilisema kwa Kiswahili, akinitazama.

"Ungeniuliza."

Kisha akamwambia Halima turudi nacho, hapa mvua itakiharibu. Tukarudi nacho. Njia nzima kilikuwa mapajani mwangu na hakikunuka chochote ila sabuni.

Wiki tatu nzima nilikuwa naogopa Alhamisi, maana Halima alikuwa amekwisha kumwandika bibi kwenye zamu ya kufundisha. Nikajua hatakuja. Alhamisi iliyopita akaja, ameshuka kwenye lori la kuni, ana kifurushi cha vijiti vya mti ule wanaotumia. Aliwafundisha wasichana vizuri sana: namna ya kuwasha kijiti, kukizima kibaki kaa, kukiingiza chomboni na kufunika. Akaomba dhiil yake iletwe. Nilidhani ataifukiza mwenyewe, akanipa mimi kijiti.

Nikakiwasha, nikakizima kikabaki kaa. Nikafukiza mara tatu, yeye akiniongoza kwa kidole. Alipoona inatosha akanipokonya chombo, akafunua, akanusa. Nilimtazama usoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Akatikisa kichwa. "Si ule," alisema, na Halima akatafsiri yaliyofuata. "Ule umekwenda. Nilikuwa sikitumii kwa sababu yake. Sasa hakuna kitu ndani cha kutunza, ni chombo cha maziwa tu. Nipeni nikakamulie. Jirani yangu amepata mbuzi."

Akakitia begani, akaondoka nacho. Karatasi yenye alama ya kidole gumba inasema kikae hapa mpaka msimu uishe. Mkurugenzi amekuja juu, anasema nimetoa mali ya maonyesho bila ruhusa na Jumatatu tutazungumza. Tuzungumze. Akinifukuza nitakuja nyumbani, asiponifukuza nitaendelea kufuta vioo. Kwa sasa yote mawili ni sawa kwangu.

Nisalimie shemeji na mgongo wake. Nisalimie mama mkwe wako, mwambie dawa yake ya kifua ilinisaidia. Nisalimie Bi Khadija jirani, na mwalimu wetu wa chuoni ikiwa bado anatukumbuka. Halima naye anakusalimu, hakujui lakini anakusalimu.

Na lile ulilouliza katika barua yako. Umesema arobaini ya Mama imepita, unataka kufungua kasha lake, uzifue kanga zake kabla hujawagawia shangazi na majirani, kwa kuwa zimekaa na jasho. Ni haki yao, na wewe ndiye mkubwa. Lakini nakuomba, dada yangu, moja usiifue. Ile aliyokuwa amejifunga siku ya mwisho ifunge kwenye mfuko wa nailoni, uikaze, uniwekee. Sikuwahi kuja kumzika.

Mdogo wako,
Rukia