Ngoja Uitikiwe

Wanja mjukuu wangu,

Tu wazima huku Siakago, na mbuzi wako amezaa mapacha. Unauliza kama ukubali bosi wako aondoe ule utaratibu wa kompyuta kuitikiana kabla hazijaandika kwenye diski moja, eti unachelewesha kazi. Kataa!

Nikiwa kijana, ofisini Embu, kompyuta tatu, yangu na za wenzangu wawili, zilitumia diski moja. Kabla ya kuandika niliita, "Naingia!" nikangoja kuitikiwa, kama tulivyoitana tukipeleka mbuzi kisimani ili makundi yasigongane. Bosi akafoka, "Hapa si sokoni!" Tukanyamaza, na kabla ya chakula cha mchana kazi zetu zilikuwa zimefutana. Nikarudia kuita, kwa sauti kubwa zaidi. Jioni bosi mwenyewe akaketi kwenye mashine, akanong'ona, "Naingia."

Nikamwambia, "Ngoja."

Akangoja.

Bibi yako, Cucu