Uzi wa Kitambaa cha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza dukani kwa shangazi. Bango la mlangoni: "Pamba na kitani tupu. Mmea haudanganyi!" Nilijibanza nyuma ya majora ya vitambaa. Shangazi kasema aibu haiuzi, nitoke.

Mteja akitilia shaka, shangazi huchomoa uzi na kuuchoma. Unawaka kama karatasi, unabaki majivu. "Plastiki ingeyeyuka, mama! Umeona?" Wateja hupiga makofi. Hata mimi nilipiga!

Jumatano, 5 Machi

Kitambaa cha kichwa cha shangazi kinazidi kufupika. Leo nimeona kwa nini. Uzi hautoki kwenye jora. Anauchomoa kichwani kwake! Pamba ya pekee dukani anaivaa yeye.

Nilimuuliza kwa sauti ya chini. Kasema biashara ni imani, na mtoto mwema hachunguzi kichwa cha mkubwa. Kisha akaninunulia soda.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi wa kuchomelea mageti alikuja. Anataka ovaroli za karakana nzima. Alituonyesha mkono wake: cheche ilitua, shati likayeyuka, likagandia ngozi. Kovu linang'aa kama nailoni. Ndiyo maana anataka pamba.

"Basi umefika penyewe, kaka!" Shangazi akamsifia hadi mabega.

Alipoondoka nilichoma uani uzi wa ovaroli zetu. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa shanga nyeusi ngumu.

Nikisema, nimemvua nguo dada wa baba mbele za watu. Nikinyamaza — cheche haijui undugu.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amerudi. Ovaroli yetu moja kaivaa tayari, inambana, anajigeuzageuza kiooni. Anataka kuona uzi ukiungua ndipo akubali.

Shangazi kanisukuma mbele. "Leo anachoma mwanangu. Huyu ana uso wa ukweli!" Akanibandika uzi kiganjani, wa kitambaa chake. Kitambaa chenyewe sasa ni utepe!

Nimesema naenda kutafuta kiberiti. Niko stoo, naandikia magotini. Kiberiti kiko mfukoni mwangu.

"We binti! Kiberiti unakichonga?" Shangazi huyo. Fundi anacheka, anasema mwache mtoto, hana haraka.

Uzi wa shangazi nimeumeza. Ni wa mmea, hautaniua. Ovaroli ya fundi ina uzi unaning'inia mkononi, mrefu, unaonekana na kila mtu. Huo ndio nitakaouchomoa na kuuchoma. Shangazi anasukuma mlango —