Kwa Mwanangu Aliyenifisha Marekani

Mwanangu Seif,

Nakuandikia kutoka hapa Msuka, nami ni mzima wa afya. Zamani maneno hayo yalikuwa ya kufungulia barua tu, mtu anayaandika hata akiwa na homa. Safari hii ndiyo habari yenyewe, na nakuomba uyasome mara mbili.

Dadako Salma ndiye anayeandika kwenye simu huku mimi nikisema. Nimemwambia akimaliza aiweke kwenye lile kundi la watu wa kwetu walioko Unguja na ng'ambo, kulekule ilikopita video yako. Waliosikia kifo changu wasikie na uzima wangu. Wakala wako, huyo Mmarekani anayekutafutia timu, hajui Kiswahili, kwa hiyo usipandwe na presha. Haya ni ya kwetu.

Unakumbuka mara ya kwanza nilipokuchukua majini? Ulikuwa na miaka tisa na mwili wa mtoto wa miaka kumi na minne. Babako alikuwa ameshakwenda Tanga kutafuta maisha, akayapata, na mke juu yake. Mimi nilibaki na shamba la mwani, kamba zangu na vijiti vyangu, na nyinyi wawili. Siku za bamvua maji yakienda mbali wanawake wote tuko kule, na mtoto wa kiume humwoni hata mmoja. Uliona haya. Ukajifunga kanga yangu kichwani usitambulikane, mtoto mkubwa kuliko wote pwani ile, na kila mtu akakutambua.

Gunia la mwani mbichi si mzigo wa mchezo. Linavuja, linateleza, na huku chini matope yanakuvuta. Ulianguka mara tatu. Mara ya nne nikakusimamisha nikakwambia, "Panua miguu. Shuka chini kama wakaa kwenye mbuzi wakuna nazi. Ushashuka? Haya, nyanyua." Ukanyanyua. Tulipokuwa tukifunga kamba mpya ulijifunza kurudi kinyumenyume, uso umeelekea wimbi, kamba inafunguka mkononi, hatua fupi fupi, bila kugeuka na bila kupishanisha miguu. Siku uliyopishanisha nilikuchapa, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyoangukia vijiti vikawachoma. Miaka minane tulifanya kazi hiyo, mimi na wewe.

Ndipo wakaja wale watu Dar es Salaam, wanatafuta vijana wakubwa wa kufundishwa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kusukumana. Mwalimu wako wa skuli akapeleka jina lako. Uliporudi ulinieleza nafasi waliyokupa. Hutoushika mpira, ulisema. Utasimama mstari wa mbele na wenzako wanne, na nyuma yenu kuna kijana anayeurusha, na kazi yenu ni huyo asiguswe. Hamumwoni, mmempa mgongo. Akirusha vizuri anasifiwa yeye, na nyinyi mnatajwa mkikosea tu. Salma akauliza, kazi gani hiyo? Mimi niliielewa palepale, nikakwambia nenda.

Mwaka wa kwanza huko chuoni Marekani hukucheza hata dakika moja. Ulisema wanakulea kwanza, walinzi wa mstari hawaivi haraka, mwingine anakaa miaka mitatu kabla ya kuaminiwa. Wakakulisha mpaka ukachukia chakula, wewe ambaye sufuria ulikuwa ukilikwangua. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa nyama yao, ukaniapia kwamba unakula mayai na samaki. Ukafika kilo mia na arobaini. Nikakuuliza kitanda chako cha chuo kinasemaje.

Ukawa unamtumia Salma video za mazoezi, nami nazitazama huku nikianika mwani. Sheria zao sikujua hata moja, lakini miguu naijua. Nikakwambia unainuka kabla hujaguswa, mtu akija kwa nguvu anakukuta umesimama wima kama mlango. Kesho yake ukapiga simu unacheka, kocha kasema vilevile. Tena kocha alikuuliza zile hatua za kurudi nyuma umezipata wapi, maana wenzako walikuwa wanahangaika nazo, na ukamjibu kwamba umezipata kwa mama, kwenye mwani. Unakumbuka kuwa ulimjibu hivyo? Mimi siku ile nilikwenda dukani bila ya haja ya kitu, ili tu nikutane na watu.

Kisha ukaja ule uteuzi wao wa kila mwaka, timu kubwa za kulipwa zinachagua vijana kwa zamu, mzunguko baada ya mzunguko, na wengi wanarudi kwao hawakuitwa. Kabla yake walikupima urefu wa mikono, upana wa viganja, wakakuvua shati ukasimama mbele ya wanaume wenye kalamu kama dume la mnadani. Hukulalamika. Ulisema tu kwamba nyinyi wa mstari mko wengi, wote wakubwa, wote wana nguvu, na mwandishi wa timu majina yanamchanganya.

Asubuhi Salma aliingia anapiga vigelegele. Umechaguliwa, mzunguko wa sita. Nilisujudu palepale uani, kwenye mchanga, nikakaa hapo muda.

Halafu akanionyesha video. Wewe umemkumbatia mtu wa timu, na mtangazaji anazungumza. Nikamwambia Salma anifasirie. Akafasiri mwanzo wake: kijana kutoka kisiwa kidogo, hapo sawa. Kisha akaisimamisha video. Nikamwambia aseme.

"Mama," akasema, "wasema umekufa."

Nimekufa wewe ukiwa na miaka sita. Babako naye amekufa, huyo sikumtetea. Umejilea mwenyewe, na nguvu zako umezipata kwa kupigana miereka na madume ya ng'ombe. Ng'ombe, Seif! Wewe ambaye siku ya mchezo wa ng'ombe ulikuwa juu ya mwembe kabla dume halijafunguliwa. Nikasema ni uzushi wao, watu wa televisheni hao. Mpaka ukatokea wewe mwenyewe, macho yamelowa, ukasema unajua mamako anakuangalia huko aliko. Nilikuwa nakuangalia kweli. Nilikuwa uani, na beseni la mwani mapajani.

Akapatikana mtu wa kuitia Kiswahili, ikazunguka. Shangazi yako Bi Zuwena alipiga simu ya Salma haikupatikana, akaona ndiyo uthibitisho. Siku ya nne akashuka bandarini Wesha kwa boti ya Unguja, na gunia la mchele wa matanga. Alilia kutoka Wesha mpaka hapa, na dereva wa gari naye akalia. Alinikuta naanika. Akaketi chini na buibui lake, akamtazama Salma, akamuuliza, "Kumbe yu hai?" Mimi nimesimama mbele yake. Mchele tukaupika. Waliokuja kutoa pole wakala, wakatania kwamba anayezushiwa kifo huongezewa umri, na mimi nilicheka nao. Nilicheka mpaka walipoondoka.

Ulipopiga simu ulikuwa na maneno yako tayari. Si wewe, ni wakala. Walinzi wakubwa wamejaa, mwenye kisa ndiye anayekumbukwa, na yatima anakumbukwa zaidi. Ukaniambia, "Mama, maneno tu yale, wewe hayakupunguzii kitu." Nikakata simu. Nilisema mtandao mbovu, lakini mtandao ulikuwa mzima.

Yamenipunguzia, Seif. Nimeumia, na sitaki kulizungusha. Ningekuwa mama aliyekutupa, ningesema nimevuna. Umasikini wetu ungeuza utakavyo, upo, kila mtu anauona. Lakini ulikuwa na cha kuwaambia watu wale, cha kweli, na kilikuwa kizuri: hatua zako umefundishwa na mwanamke, majini. Ukaona haya, kama ulivyoona haya siku ile ya kanga. Nakwambia kweli ya Mungu, kunifisha ningekusamehe upesi kuliko kumpa ng'ombe kazi yangu. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi ndiye huo mkeka mkuukuu, ulioukalia ukuaji wako wote, na hukuniacha tu, umeniviringisha ukanitia chini ya kitanda.

Na hukutosheka. Wiki mbili sasa umetuma ujumbe kwamba unakuja, alhamdulillahi, miaka minne sijakuona. Unakuja na watu wa filamu. Filamu itoke kabla ya kambi ya timu, ambako wanaingia wengi na kupunguzwa, na mtu wa mzunguko wa sita hana hakika ya kubaki. Ukaniomba niende Unguja kwa Bi Zuwena wiki hiyo. Salma aseme yeye ndiye aliyekulea. Na wewe upigwe picha kaburini kwa mamaangu, hapa nyuma ya nyumba, wao hawatojua ni la nani. Ukasema ukweli ukitoka sasa utaonekana mwongo, na wale wanatafuta sababu ya kupunguza watu.

Mungu anisamehe, nilikubali. Sikukwambia, lakini nilikubali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilijua umekula vipi, umelala vipi, umepigwa vipi mpaka kufika hapo, na mimi nani wa kukuangusha mlangoni? Nikafungasha mkoba, ukakaa karibu na mlango siku tatu. Siku ya tatu nikachukua jembe nikaenda kung'oa majani kaburini, pasije pakaonekana pachafu kwenye filamu yenu. Niko nimeinama, mikono imejaa udongo, ndipo nikafahamu ninachokifanya. Nalisafisha kaburi langu mwenyewe ili mwanangu apate pa kulilia.

Nikaacha majani nusu. Nikarudi ndani nikafungua mkoba, nikazitoa kanga zangu moja moja. Salma aliniona, akanitilia chai.

Basi jibu langu ni hili. Sitokwenda Unguja. Sitomfuata mtu wako yeyote na kumsemea, wala sitoharibu filamu yenu kwa makusudi. Salma anasema yeye hatosema uongo, ila asipoulizwa atanyamaza. Chumba chako tumekifagia, na tumekuongezea mbao kitandani kwa zile kilo. Chakula utakikuta, kwa hali yoyote, hata mkosane na wakala na mrudi nyote mna njaa.

Nimeihesabu miandamo ya mwezi. Mnakuja siku za bamvua. Nitakuwa kazini kwangu, mchana kweupe, na wao lazima watake picha za pwani. Watamwona mwanamke wa makamo anatoka majini na gunia kichwani, anakuja moja kwa moja mlipo, kwa sababu njia ya nyumbani kwake ndiyo hiyo. Atakutazama. Watakuuliza huyu ni nani.

Mimi sitokujibia.

Safari njema, na boti ikikuchafua roho kaa nyuma.

Mama yako mzazi