Kufuli la Kisima cha Mirongo

Jumatatu, 5 Machi 1934

Somo kisimani tena, asubuhi na mapema. Nimefundisha habari za mpanzi na mbegu zake. Wanawake walikaa chini, madebe mapajani, macho yote kwenye mfuniko wa kisima. Hakuna aliyenitazama mimi. Mtoto mmoja alilia kiu tangu mwanzo mpaka mwisho, mama yake akamziba mdomo kwa kanga ili asivuruge mafundisho.

Baada ya "Amina" Mzee Yakobo, mzee wa kanisa, alivua ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Hapo ndipo nyuso zilipochangamka.

Hii ndiyo kazi yangu. Nimetoka Bukoba, misheni wamenisomesha, nimeletwa Mwanza kuwafundisha wanawake wa mjini na kuwatembelea wagonjwa. Na kila asubuhi nasimama kati ya watu wenye kiu na maji. Amri ni hiyo: asiyeketi kusikiliza, hateki.

Mvua bado. Joto. Wadudu wa ziwani wamejaa mpaka ndani ya chai.

Alhamisi, 8 Machi

Bi Mwanaidi alikuja kisimani leo. Ni mkunga, Mwislamu, Mmanyema mzaliwa wa hapa hapa mjini. Nyumba yake iko nyuma ya hii yangu. Watoto wengi wa mtaa huu wamepokelewa na mikono yake.

Alimsalimu Mzee Yakobo vizuri, akaambiwa akae asubiri somo. Hakukaa. Akanigeukia.

"Mwalimu, ukija kwangu nitakutandikia mkeka, nikusikilize mpaka uchoke wewe. Lakini kukaa hapa ili nipewe maji, hapana. Nitakuwa namdanganya Mungu."

Akajitwisha debe tupu, akashuka mtoni. Wenzake kadhaa wakamfuata.

Mto Mirongo siku hizi si mto. Ni madimbwi ya kijani. Ng'ombe wanasimama humo humo, watu wanafua humo humo, na mengine siyaandiki.

Nikafundisha somo lote. Sikumbuki nilisema nini.

Jumapili, 11 Machi

Kanisa limejaa hadi mlangoni. Mzee Yakobo anang'aa kama sufuria mpya. Yeye ndiye msimamizi wa kila kitu mpaka Mchungaji arudi kutoka Ukerewe, na anataka Mchungaji akute matunda.

Baada ya ibada nilimfuata, nikamwamkia, nikamwambia watu hawa wamefuata maji. Alicheka.

"Mwalimu, samaki hafuati ndoana tupu."

Nikamwambia wale si samaki. Akasema mimi bado mtoto katika kazi hii. Nimezika mume. Si mtoto.

Niandike na haki yake pia. Kisima kile alikichimba yeye, pamoja na wanaume wachache wa kanisa, katika mawe haya ya Mwanza yasiyokubali jembe. Watu wa mjini walikuwa wakipita wakimcheka. Mgongo wake haujanyooka tangu siku zile. Kisima ni kama mtoto wake. Nalijua hilo, na bado nina hasira.

Jumatano, 14 Machi

Kuhara damu. Nyumba za kando ya mto zote zina mgonjwa. Mganga wa serikali amepita, amesema watu wachemshe maji. Kuni ziko wapi? Mawe hayawaki.

Nimepika uji mwembamba wa mchele, nikautia chumvi, nikazunguka nao nyumba kwa nyumba. Mama mmoja aliniuliza kama maji ya uji ni ya kisimani. Nikasema ndiyo. Akanywa kwa pupa. Sikuweza kumtazama.

Debe langu mwenyewe la maji nililipeleka kwa Bi Mwanaidi. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua. Sijatoka barazani akaanza kuyagawa kwa majirani wenye wagonjwa. Nikamwambia nimemletea mjukuu wake, Athumani. Akasema, "Na wa jirani ni wa nani?"

Nimerudi nimemkasirikia na yeye.

Ijumaa, 16 Machi

Nimemwomba Mzee Yakobo afungulie watu wote mpaka ugonjwa upite. Amekataa. Kwanza, amri ni ya Mchungaji. Pili, maji yamepungua, kamba sasa inashuka yote. Tukifungulia mji mzima kisima kitakauka, na watu wetu ndio watakaokufa.

Hilo la pili sina jibu lake. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Wanawake wa kanisa wako upande wake. Kisima kilipochimbwa, walibeba yale mawe kwa vichwa vyao. Mama Debora, kiongozi wao, aliniuliza mbele ya wote: mimi ni mwalimu wa misheni au wa akina Mwanaidi? Nikanyamaza. Jibu zuri limenijia jioni hii, nikiosha sufuria. Halina kazi tena.

Nimemtumia Mchungaji ujumbe kwa mfanyabiashara anayevuka kwenda Nansio, huko Ukerewe. Sijui utamfikia lini, au kama ataujali.

Jumatatu, 19 Machi

Athumani anahara damu.

Juzi tu alikuwa akifukuza kuku wangu, anaanguka, anainuka, anacheka. Leo amelala mapajani mwa mama yake, Saada, macho yamezama. Nimeshinda nao. Namtilia uji kwa kijiko, anautapika. Namtilia tena. Bi Mwanaidi anachemsha majani yake, anachemsha na maji kwa vijiti vya mwisho vilivyobaki. Amevunja kigoda chake akakitia motoni.

Mzee Yakobo anajua deni lake kwa mama huyu. Mkewe alipokuwa anajifungua kitinda mimba wao, mtoto alitanguliza miguu, na walikuwa wameshaanza kulia kilio cha msiba. Bi Mwanaidi ndiye aliyewatoa wote wawili wazima. Mtaa mzima unaisimulia. Leo jioni nilimkumbusha. Akasema, "Hilo ni jambo lingine."

Jambo lingine!

Jumanne, 20 Machi

Nimekataa kufundisha.

Nilisimama mbele ya wanawake nikasema leo maji kwanza. Anayetaka kubaki nimfundishe, abaki. Anayetaka kwenda, aende salama. Wakainuka wote kwa mara moja, madebe yakagongana.

Mzee Yakobo akaubana mfuniko, akaukalia. Ndiyo, akaukalia. Mtu mzima, kofia kichwani, Biblia mapajani, juu ya kisima kama kuku anayeatamia. Kuna waliocheka. Kisha kicheko kikaisha. Jua likapanda. Mwisho akafungua Biblia, akasoma mwenyewe, sura ndefu, na wanawake wakaanza kukaa tena, mmoja mmoja, bila kunitazama. Siwalaumu. Kiu haina kiburi.

Mimi sikukaa. Nilirudi nyumbani. Najiona mpumbavu. Nimeitupa kazi yangu, na hakuna hata mtu mmoja aliyepata kata ya maji kwa ajili hiyo.

Nimekwenda kwa Saada. Mtoto hatapiki tena. Hana nguvu za kutapika.

Alhamisi, 22 Machi

Athumani amefariki alfajiri.

Amezikwa leo leo, kabla ya adhuhuri. Nilikaa ndani na wanawake. Saada hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua kikoi kidogo. Maji ya kumwosha mtoto yalitoka mtoni. Sina la zaidi kuandika juu ya hilo.

Kaka yake Bi Mwanaidi aliporudi makaburini alituambia Mzee Yakobo alikuwepo. Hakuna aliyemwita. Wakati wa kuswalia alisimama mbali, kofia mkononi. Walipoanza kufukia akasogea, akamwomba mtu jembe, akafukia na mgongo wake ule mpaka kaburi likasimama.

Bi Mwanaidi alisikiliza yote. Akasema, "Amechelewa."

Baada ya muda akasema tena, "Kama yuko hapo nje, mpeni chakula." Mtu akatoka kutazama. Hakuwepo.

Ijumaa, 23 Machi

Mfuniko umeondolewa. Kufuli halipo. Mzee Yakobo anavuta kamba mwenyewe, anamjazia kila anayekuja, haulizi mtu anaswali wapi. Nyumba moja debe moja, wenye wagonjwa mbele. Maji ni kidogo, yana matope kidogo, lakini yanatoka. Kisima kikipumzishwa kinajijaza. Kumbe iliwezekana.

Nilidhani nitafurahi. Nina hasira kuliko juzi. Haya yangefanyika tangu mwanzo, kwa kamba hii hii na mikono hii hii.

Nilimwamkia. Akaitikia "Marahaba" bila kuinua uso. Kiganja chake kimechubuka kwa kamba. Nilisimama pale nikitafuta neno kali la kumwambia. Nilikuwa nayo mengi. Nikashika kamba, tukavuta wote.

Hakuna somo lililofundishwa. Hakuna aliyeuliza liko wapi.

Jumapili, 25 Machi. Matawi

Kanisa tupu. Matawi mengi kuliko watu. Mama Debora alinitazama ibada nzima kama mtu anayemtazama mwizi wa kuku.

Mchungaji amerudi jana. Ujumbe wangu haukumkuta Ukerewe, alikuwa ameshaondoka. Baada ya ibada alituita, mimi na Mzee Yakobo, akauliza nani amevunja amri. Nilifungua mdomo. Mzee Yakobo akanitangulia.

"Ni mimi, Bwana Mchungaji. Mwalimu hana ufunguo."

Ni kweli, ila si kweli yote. Nikasema na mimi nilikataa kufundisha. Mchungaji alitutazama, uso wa mtu aliyeumizwa na wanawe. Si mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Amesema tumewafundisha watu kwamba Neno ni kitu cha kurukwa. Amesema pia kwamba, kwa kuwa watu wanaugua, kisima kibaki wazi. Mzee Yakobo amevuliwa uzee wa kanisa. Darasa langu litafungwa baada ya Pasaka kama litakosa watu.

Nilitaka kumuuliza kama amewahi kunywa maji ya mto ule. Badala yake nikasema, "Asante, Mchungaji." Asante ya nini? Nimejiuliza njia nzima.

Mzee Yakobo alitoka mbele yangu. Nje alivaa kofia, akaenda moja kwa moja kisimani.

Jumanne, 27 Machi

Darasani wawili. Mmoja alisinzia.

Nilipigania maji yatoke, yametoka, na watu wamekwenda nayo zao. Ndivyo nilivyotaka. Basi mbona inauma hivi? Nilikuwa nasema moyoni kwamba wakiachiwa huru watabaki wenyewe, kwa hiari, kwa kuwa nafundisha vizuri. Hawakubaki. Kumbe na mimi nilikuwa na ndoana yangu.

Wagonjwa wapya ni wachache. Saada ameoga, ametoka nje, amekaa jua la asubuhi.

Mama Debora alikuja kuteka, akanipita bila salamu. Alikuwa na madebe mawili, moja kichwani, la pili limebebwa na binti yake. La pili likaingia nyumbani kwa Bi Mwanaidi. Nimeliona kwa macho yangu. Mimi hajanisamehe, na hana dalili.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Leo walikuwa wanne. Tulikaa kivulini, mbali kidogo na foleni. Niliwasimulia habari za msalaba, taratibu, bila kupandisha sauti, maana walikuwa karibu.

Mmoja ni mgeni kwangu. Anaitwa Nyanzala, Msukuma wa Magu, anauza viazi sokoni. Debe lake lilikuwa limeshajaa, liko pembeni yake, amelifunika kwa jani. Angeweza kwenda. Nilipofika mahali pa misumari aliinua mkono.

"Mwalimu, mama yake alikuwa kalibu au mbali?"

Nikasema alikuwa karibu. Alisimama pale pale chini ya msalaba.

"Hakuwa na la kufanya."

"Hakuwa nalo."

"Na hakuondoka."

"Hakuondoka."

Akatikisa kichwa. Alitazama chini kwa muda. Niliona haya kuendelea haraka. Upande wa pili kamba ilikuwa ikilia, watu wakiitana majina, na Mzee Yakobo akiwaambia wasisukumane, maji yapo.

Kisha Nyanzala akapinda kanga yake ikawa ngata, akaiweka kichwani. Nikamsaidia kujitwisha. Maji kidogo yalimwagika begani kwangu, ya baridi. Akasema asante, akaenda zake.